Mama Yangu na Meza ya Bwana

Jumamosi sitaki kuguswa. Mke wangu anajua, watoto wanajua, na majirani wamejifunza kwa shida. Ukinijia Jumamosi na habari za mkaa umeisha au mbuzi wa fulani kaingia shambani, utapata jibu ambalo halifai kutoka kinywani mwa mtu aliyevaa kola. Watu hudhani mahubiri yanashuka tu kutoka juu. Yangeshuka ningeshukuru. Ya kwangu hayajawahi kushuka. Nakaa na neno lile lile mpaka miguu inakufa ganzi, naandika, nafuta, naomba chai, nafuta tena, halafu Jumapili nasimama na kusema kama vile jambo lenyewe limenijia njiani.

Na ukimaliza hujamaliza. Chuoni hawakutuambia hili. Umehubiri vizuri, watu wamelia, kwaya imecheza mpaka vumbi limetimka, unarudi nyumbani unajiona wa maana. Jumatatu unaamka huna neno hata moja kichwani, na Jumapili nyingine hiyo iko njiani inakuja. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na bado Jumatatu inanitia hofu.

Nilianzia Gulwe. Pale kanisa lilikuwa karibu na reli, na treni ilikuwa na tabia ya kupita katikati ya hoja yangu ya pili. Nabaki nimefungua mdomo, mkono uko juu, naisubiri imalize mabehewa yake, na ikishapita waumini wameshasahau hoja ya kwanza. Baadaye nikapelekwa Dodoma mjini, kwa watumishi wa serikali waliohamia na wizara zao. Hao ni watu wa kuangalia saa. Ibada ya kwanza ikizidi kidogo tu, wa ya pili wako nje wanapiga honi wapishwe sehemu ya kuegesha magari. Siku moja bwana mmoja alinishika mkono mlangoni, uso umejaa furaha, akaniambia, "Mchungaji, prezentesheni ya leo ilikuwa nzuri." Nilikaa na neno hilo wiki nzima. Prezentesheni!

Kisha askofu akanipeleka nyumbani.

Si kawaida. Kanisa letu halipendi kumpeleka mchungaji alikozaliwa, maana nani atamsikiliza mtu aliyemwona akichunga mbuzi bila suruali? Lakini mchungaji wa Haneti alikuwa amestaafu, wengine walikuwa wanaukwepa usharika ule kwa sababu ya ukavu na ubovu wa barabara za mitaani, na mimi nilikuwa mtu wa huko. Nikafungasha vitabu, nikafungasha mke na watoto, nikarudi kwenye vumbi langu.

Usharika wenyewe una mitaa kadhaa, yaani makanisa madogo, iliyotawanyika. Mitaa ya mbali inashikwa na wainjilisti, mimi naizungukia kwa pikipiki, na pale makao makuu ndipo nahubiri Jumapili nyingi. Ibada ya kijijini si ya saa moja. Kwaya ya wazee inaimba, kwaya ya vijana inaimba, akina mama wanaimba, halafu yanakuja matangazo, na matangazo ya Haneti jamani ni mahubiri mengine kabisa: nani amepotelewa na ndama, nani anaoza binti, vikundi vya kufagia wiki hii. Ibada ikiisha kuna mnada nje. Mtu asiye na cha kutia kwenye kikapu huleta kuku, karanga, debe la uwele, alizeti, tunanadi pale pale uani na watu wanacheka mpaka basi. Mimi nikiwa na njaa hukasirika, lakini mnada naupenda.

Na kila Jumapili, benchi la akina mama, upande wa mlangoni, alikaa mama yangu.

Mama alikuwa mkosoaji wangu mkubwa. Kanisani aliniita mchungaji kama wengine, kwa heshima zote, mikono imekunjwa kifuani. Nyumbani aliniita baba, kwa sababu nimerithi jina la baba yake, na hapo ndipo nilipokiona cha moto. "Baba, leo ulisema sana. Niliacha maharage jikoni, nimekuta mkaa." Au, "Leo ulitupikia jambo zuri halafu ukaliongezea maji." Nikimwambia mama, watu walipenda, ananiangalia tu. Siku akisema "leo tumesikia," mimi nalala usingizi mzuri wiki nzima.

Sasa nieleze nyumba yetu ilivyokuwa, maana bila hilo haya mengine hayaeleweki. Baba yangu alikuwa mfugaji, hakubatizwa, na alikuwa na wake wawili. Wa kwanza ndiye mama mkubwa. Yeye alizaa mabinti watupu na wote wameolewa mbali, mmoja yuko Chemba, wengine huko zaidi. Wa pili ni mama aliyenizaa mimi. Wake hawa wawili waliishi katika tembe moja, milango miwili, zizi moja, na kama waliwahi kuchukiana, basi ilikuwa kabla sijapata akili. Ninachokumbuka mimi ni utani. Wakianza kutaniana, wageni walidhani wanagombana.

Wote wawili walikuwa Wakristo. Mama alibatizwa akiwa msichana, akaanza mafundisho ya kipaimara, na kabla hajayamaliza ng'ombe wa mahari wakafika kwao na yeye akaja kwa baba. Na kanuni ya kanisa letu inasema mume mmoja, mke mmoja. Mke wa kwanza hana hatia, yeye alikutwa. Lakini aliyekuja akakuta mwenzake anaruhusiwa kusali, kuimba, kutoa sadaka, kufagia kanisa na kupika siku askofu akija. Kwenye Meza ya Bwana hakaribii. Alipokuwa mtu mzima kabisa mama alirudi kumaliza mafundisho, akakaa darasani na watoto wadogo, akajibu maswali kuwashinda. Mchungaji wa wakati ule akampa kipaimara na wenzake, kisha akamwambia mezani asubiri. Asubiri nini, hakumwambia.

Kwetu Jumapili ya kwanza ya mwezi ni Jumapili ya Meza. Watu wanatoka mabenchini kwa safu, wanapiga magoti kwenye reli ya mbao mbele ya madhabahu, mchungaji anapita na mkate, mzee wa kanisa anafuata na kikombe. Mama mkubwa miguu yake ilishaharibika, magoti yamevimba, hawezi kutembea bila kushikwa. Aliyemshika ni mama yangu. Alimtoa kwenye benchi, akamwongoza polepole mpaka mbele, akamsaidia kupiga magoti, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kusimama pale, mikono imekunjwa, akitazama sakafu. Mwenzake akishakula, anamwinua, wanarudi.

Jumapili yangu ya kwanza ya Meza pale Haneti nilikuwa sijajiandaa kwa hilo. Kanuni niliijua. Nimeitumia Gulwe, nimeitumia mjini, nimewaambia wanawake wa watu "subiri, mama" na nikalala usingizi. Lakini nikainua macho na sahani ya mkate mkononi, mama mkubwa amefungua viganja, na nyuma yake, karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa, amesimama mama aliyenizaa. Nikampa mama mkubwa, nikaenda kwa mwingine. Watoto wadogo wasiokula huwa tunawawekea mkono kichwani na kuwabariki, kwa hiyo mwezi uliofuata nikamnong'oneza mama, "Njoo basi nikubariki." Akanijibu bila kunong'ona, "Mimi si mtoto."

Njia nzima ya kurudi nyumbani siku hizo za Meza wale wawili walikuwa na mchezo wao. Mama mkubwa alijifanya ameshiba. "Mimi leo ugali usinipakulie. Nimekula kanisani, kipande kikubwa, mwanao hana choyo." Mama anamjibu, "Sawa, wako nampa mbwa." "Mpe tu. Mkate wenyewe ulikuwa mnene, na umeumuka!" Walicheka, mimi nasukuma pikipiki nyuma yao nisiwapulizie vumbi, na sikuona cha kuchekesha. Siku moja tu, msimu wa mavuno, mama alileta jogoo wake kwa ajili ya mnada, jogoo mkubwa mwekundu, watu wakampigania. Wakati tunarudi alisema, kama anajisemea, "Kuku wangu hupokelewa." Mama mkubwa naye siku hiyo hakutania.

Nikasema hapana. Nikalipeleka jambo kwenye baraza la wazee wa kanisa.

Wazee wetu ni wakulima, watu waliokomaa, na kiongozi wao alikuwa mzee mmoja rika la baba, ndiye aliyeshika kikombe siku za Meza. Mzee huyu alikuwa ananiamkia shikamoo kwa sababu ya kola yangu, nami naona aibu naitikia tu. Nikawaeleza. Nikasema mama ni mzee sasa, hazai, wala hakumnyang'anya mtu mume, na huyo mwenzake ndiye anayemshika mkono. Nilisema vizuri, haki ya Mungu nilisema kuliko ninavyohubiri. Wakaniacha nimalize.

Yule mzee akasema, "Mchungaji, dada yangu alikuwa mke wa tatu. Alikaa benchi la mlangoni mpaka tukamzika. Mimi mwenyewe nilikuwa barazani, mimi mwenyewe nilimwambia asubiri. Leo tukimfungulia mama yako, watu watasema ni kwa sababu ni mama wa mchungaji. Na watasema kweli. Dada yangu nitamwambia nini?"

Nilikuja na hasira zangu zote, nikakosa pa kuziweka. Huyu mzee hakuwa mkorofi. Alikuwa amebeba lake. Akaniambia njia iko moja, na ni ile ile waliyoambiwa wengine: atoke katika nyumba ya mumewe, akae kwangu, ahesabiwe kuwa ameachana naye, ndipo baraza limpokee.

Nikaenda kumwambia mama. Nilimkuta anapepeta uwele. Aliposikia neno "uhame" aliweka ungo chini, akaniangalia kama ninaumwa.

"Nihame niende wapi?"

"Kwangu, mama. Chumba kipo."

"Na baba yako?"

Baba wakati huo macho yalikuwa yameshakwisha, anaona mwanga tu. Mama mkubwa hawezi kusimama kwa muda mrefu. Aliyechota maji, aliyepika, aliyemshika baba mkono kumpeleka chooni, ni huyu ninayemwambia ahame.

"Kwa hiyo," mama akasema, "nimwache kipofu na kiwete humu ndani, nije kwako nikale mkate. Halafu Mungu anafurahi. Ebo! Na wale mababu wa Agano la Kale unaotusomea, wao walikuwa na wake wangapi? Wao wako wapi sasa, mlangoni?"

Nikaanza kumfafanulia mambo ya agano jipya. Akachukua ungo wake.

Baba naye habari zilimfikia. Akaniita. Alikuwa amekaa ukutani kwenye jua, fimbo katikati ya miguu, kichwa amekielekeza kwenye sauti ya hatua zangu.

"Nasikia unamtafutia mama yako talaka," akasema.

"Hapana, baba."

"Mimi na Mungu wako hatuna ugomvi. Mvua akileta nashukuru, asipoleta nanyamaza. Ila aje aniambie mwenyewe nani atanipeleka chooni." Akacheka, meno hayapo. Kisha akainama, akasema kwa sauti ya chini kama anayepanga njama, "Sikiliza. Ahamie kwako kidogo. Waseme nimemwacha. Ale huo mkate wenu, halafu arudi. Mimi nitavumilia."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Mtu ambaye hajakanyaga kanisani alikuwa tayari kukaa bila mkono wa kumshika ili mkewe akale. Nikampelekea mama habari ile, na sitaki kudanganya, nilikuwa na tumaini kidogo. Mama akasema, "Mzee ana moyo mzuri. Lakini nimdanganye Mungu, tena mbele ya mwanangu? Hapana." Ikaishia hapo.

Maisha yakaendelea. Hubiri, pikipiki, mazishi, ndoa, mnada. Kila mwaka kalenda ya masomo huleta Jumapili ya ndoa, nami nasimama mimbarani nafundisha mume mmoja mke mmoja, na wake wawili wa baba yangu wamekaa bega kwa bega wananisikiliza. Naamini ninachofundisha. Nimeona nyumba za wake wengi zilivyowaumiza watoto, nimezika wanawake waliokufa kwa wivu na sumu. Lakini kuamini jambo na kulisema mbele ya mama yako ambaye jambo hilo linamkalisha mlangoni ni kazi mbili tofauti. Jumapili hizo mama hakuwahi kukosoa. Aliniambia tu, "Pole na kazi, baba."

Baba alifariki kiangazi, asubuhi, mama akimnywesha uji. Kwa sababu hakubatizwa sikuvaa joho. Tulimzika karibu na zizi, nami nilisimama pale na koleo kama mtoto wa kiume yeyote, nikatupia udongo. Wazee wa kanisa walikuja wote, wakakaa kwenye mikeka na sisi mpaka matanga yakaisha. Hilo siwezi kulisahau.

Na matanga yalipoisha, yule mzee wa kikombe akanijia uso umechangamka. "Mchungaji, sasa mama ni mjane. Hakuna kizuizi tena. Baraza limeshakubali, Jumapili ya Meza aje." Akanishika mkono kwa nguvu. Alikuwa na furaha ya kweli, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Baba yangu udongo wake haujakauka, nami natembea haraka kuvuka uwanja kumpelekea mama habari njema.

Mama alikuwa amekaa mlangoni kwa mama mkubwa, wote wawili wamejifunga vitambaa vya msiba. Nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nani kasema?"

"Baraza, mama. Umefunguliwa."

"Nimefunguliwa kwa nini? Nimefanya nini mimi tangu mwezi jana?" Akaelekeza kidole kaburini. "Aliyefanya ni baba yako. Amekufa. Kwa hiyo mimi nilikuwa nangoja afe, sikujua. Nikila huo mkate sasa hivi nitakuwa nimekula kifo cha mume wangu. Siendi."

Nikamwomba, akakataa. Nikamweleza, akakataa. Basi nikapandisha sauti. Nilimwambia amenitesa miaka yote hii nikimpita na sahani mkononi, na leo mlango uko wazi yeye anasusa! Nilipiga kelele mpaka ndama zizini wakashtuka. Mama akasubiri nimalize, kisha akasema taratibu, "Umechoka, baba. Nenda kapumzike."

Jumapili ya Meza ikaja, akamleta mama mkubwa mbele, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama. Mwezi uliofuata hivyo hivyo. Yule mzee wa kikombe alikuwa akinitupia macho ya kuuliza, nami natikisa kichwa. Mama akaanza kukohoa kikohozi cha baridi kisichoisha. Tukampeleka hospitali mjini, tukarudi na dawa, kikohozi kikapungua na kurudi. Akawa mwepesi, nilimbeba siku moja kumshusha kwenye gari nikaogopa jinsi alivyokuwa mwepesi.

Na hapo ndipo uhamisho wangu ukaja. Nirudi mjini, baada ya mavuno. Mtu akihamishwa huwa haulizwi, naye habishi. Lakini nilihesabu Jumapili za Meza zilizobaki na nikakuta iliyobaki ni moja tu. Mchungaji atakayekuja labda angempa, kanuni ilikuwa imeruhusu. Mimi nilitaka ale mkononi mwangu. Sikuwa na sababu ya kitheolojia. Nilitaka tu, kama mtoto anavyotaka, na nilimwambia hivyo hivyo. Alinipapasa kichwani.

Jumamosi hiyo sikuandika kitu. Niliketi na karatasi tupu, mke wangu akaniwekea chai, ikapoa. Jumapili nikahubiri juu ya shukrani ya mavuno, mahubiri mabovu, hoja zimevurugika, kwaya ikaniokoa. Kisha nikageukia Meza. Nikainua ule mkate mkubwa wa madhabahuni, ule ambao watu wote wanauona, nikaumega. Wakaanza kuja kwa safu.

Nikawaona wanakuja, wawili, polepole kama siku zote. Mama alikuwa anahema. Sasa hata hukujua nani anamshika nani. Wakafika kwenye reli, mama akamsaidia mwenzake kupiga magoti, goti moja, la pili, akataka kurudi nyuma. Mkono ukakwama. Mama mkubwa alikuwa hajamwachia.

"Niache," mama akanong'ona.

"Sikuachi. Piga magoti."

"Nimeshasema."

"Umesema nini? Umesema utakula kifo cha mume wako." Mama mkubwa hana sauti ya kunong'ona, masikio yake yameziba kidogo, kwa hiyo kanisa zima lilisikia. "Na mimi mume wangu yuko wapi? Si ni yule yule? Mimi si mjane? Mbona mimi nakula, na hujaniambia nakula kifo chake? Au uliolewa peke yako?"

Nilikuwa nimesimama mbele yao na sahani. Mzee wa kikombe yuko kando yangu. Mama alimtazama mwenzake kwa muda, midomo imebanwa, uso ule ule aliokuwa nao alipokuwa anazuia kicheko njiani. Kisha akashika reli kwa mkono mmoja, mwingine bado umeshikwa, akashuka. Goti moja, la pili.

Nikampa mama mkubwa. Nikasogea. Nikatamka yale maneno ninayoyatamka kila mwezi, nikauweka mkate kwenye kiganja cha mama yangu.

Kutoka pale alipokuwa akisimama siku zote, hatua mbili nyuma, mtu haoni mkate tunaowapa watu. Anaona migongo tu. Mama hakuupeleka mdomoni. Aliuangalia pale kiganjani, kakipande kembamba, keupe, kadogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Akaugeuza. Akamwangalia mama mkubwa, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa sana, mabega yanatikisika kwa kicheko. Halafu akainua uso, akaniangalia mimi.

"Kumbe ni haka tu?"

Mzee wa kikombe aligeukia ukutani. Nilijua anamfikiria dada yake.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Ni haka tu."

Akala.